Vitenzi vya Baba

Baba alifundisha Kiingereza shule ya msingi, hapa Misunkumilo, na vitenzi alivifundisha kwa mwili wake. Hakutafsiri. Aliinua kikombe kitupu akanywa, darasa likasema drink. Alilala juu ya meza, likasema sleep. Kwa kuanguka alijibwaga sakafuni mzima mzima na shati lake jeupe, na mama, aliyefua mashati hayo, alinuna mpaka jioni.

Siku kiharusi kilipompata alikuwa mbele ya darasa. Alipoanguka, watoto walipaza sauti kwa furaha, "Fall!" Wakangoja ainuke waendelee na neno jingine. Siwalaumu. Ningekuwa mle ndani ningepaza sauti kuwazidi.

Alirudi nyumbani bila usemi, upande wa kulia umepooza. Kwa mkono wa kushoto akatutolea vitenzi vyake vilevile, nasi wanawe tukawa darasa. Drink, tunaleta maji. Open, tunafungua dirisha. Tukikosea alifumba macho kwa hasira ya kialimu, tukacheka. Nilijidanganya kwamba mtu anayeweza kufundisha hivyo lazima atapona.

Tukampeleka hospitali Mbeya, tukamrudisha, tukampeleka tena. Safari zile zilimchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Madaktari walishasema hakuna jipya la kufanya, lakini mimi nikakodi gari jingine. Sikuwa tayari kubaki bila baba.

Jioni tukifunga mizigo, aliinua kiganja chake wima, akatuelekezea. Hata mtoto wa darasa la tatu angelijua neno lile. Kaka yangu akajifanya ni salamu. "Greet," akasema. Baba akatikisa kichwa. Mimi nikasema anapunga. "Wave." Akatikisa tena. Mkono hakuushusha.

"Nyie mnajua anachosema," mama alisema. Kiingereza hakuwahi kusomeshwa. Alichonacho alikiokota kwa kumsikia mumewe akijiandaa kwa vipindi. Alikaa kitandani, akatutazama mmoja mmoja, na hakuna aliyemtazama yeye.

"Stop," akasema. "Mwacheni baba yenu apumzike." Kisha akaanza kulia.

Baba akashusha mkono. Nikatoka nje, nikampigia dereva simu, nikamwambia asije.