Maneno Niliyoyasema kwa Askari Kanzu

Naitwa Athmani, fundi wa majokofu, mzaliwa wa Malindi. Nimekubali kusema kwa sababu najua humu ukumbini mna wenye maumivu wasiyoyataja.

Nilikuwa mzima. Mtungi wa gesi nilikuwa nikiubeba begani mpaka ghorofa ya tatu. Kisha nikapata kazi ng'ambo. Kabla sijasafiri, askari kanzu mmoja aliniita, akaninunulia chai, akaniuliza habari za binamu yangu aliyetoweka huku akitafutwa na polisi. Nikamwambia aliwahi kunipigia simu mara moja. Sikuona baya.

Huko, mwezi wa pili tangu nifike, nilikamatwa na askari wa nchi ile. Walinifunga mikono nyuma, wakanitundika kwa kamba. Nilisikia bega la kulia likichomoka. Nilijikojolea. Mmoja wao akanisomea karatasi: binamu, simu ile moja, hata ile chai. Maneno hayo nilimwambia mtu mmoja tu, naye ni mtumishi wa serikali yangu.

Waliniachilia baada ya miezi saba, bila mashtaka. Nilirudi mikono ikining'inia. Nikaambiwa mama alikuwa akienda kituoni kila Jumatatu kuuliza niko wapi, wakimjibu hawajui. Nilikuta ameshazikwa.

Mke wangu, Riziki, alinilisha, akanivisha, akanitawaza. Nilimdanganya kwamba nilianguka kazini. Daktari wa Kilifi alitazama makovu ya vifundo vya mikono, akamwomba muuguzi atoke, akasema taratibu, "Hukuanguka wewe."

Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Kupona kulianzia hapo.

Alinieleza kwamba mishipa ya fahamu ilikuwa imevutika. Nilifanya mazoezi mwaka mzima. Siku nilipoinua mikono hadi masikioni kwa takbira, Riziki alitoka chumbani nisimwone uso. Vidole viwili bado vina ganzi, na usingizi haujarudi wote.

Nimeishtaki serikali yetu. Wakili wao alisema walitoa habari tu, waliyoyafanya wageni si yao. Akaniuliza nataka nini hasa.

Nikamjibu, "Nataka aliyeituma karatasi ile asimame, aseme kama alijua watanifanya nini."

Hajasimama mtu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Riziki, namshukuru daktari yule. Nawe uliyeumizwa, usione haya. Mweleze daktari yote, hata ya kujikojolea, na umwombe ayaandike, maana mahakamani ndiyo yaliyonisaidia. Kesi itatajwa tena mwezi ujao. Nitakwenda, inshallah, hata kama nitakaa kwenye benchi la mahakamani peke yangu.