Jani la Isale kwa Nesi Anaeli

Miaka kumi na tisa Anaeli alikuwa nesi, lakini hakuwahi kutukanwa kama Alhamisi ile ya mwaka tisini na nne. Alikuwa peke yake wodi ya wazazi, kituo cha afya kule juu Old Moshi; mwenzake Hilda alikwisha kuacha kazi akaenda kuuza mitumba mjini. Stoo haikuwa na glovu tangu Pasaka. Alipomwambia Valerian, kijana aliyemleta mkewe kujifungua, akanunue glovu dukani, akafoka mbele ya foleni nzima:

"Glovu za serikali mmeuza wenyewe! Ndiyo maana mmenenepa!"

Watu wakacheka. Dakta Shedrack, mkuu wa kituo, aliyejua fika stoo ilivyo, akatoa kichwa mlangoni. "Nitalichunguza," akasema, akarudi ndani.

Nitalichunguza! Neno hilo lilimuuma Anaeli kuliko tusi lenyewe. Alimzalisha mke wa Valerian kwa glovu alizozifua mara tatu, mtoto akatoka salama. Alipofika nyumbani akaandika barua ya kuacha kazi.

Jumamosi Valerian akaja kituoni na mama yake, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Kwa Wachagga, ukiletewa isale kuombwa msamaha husemi hapana.

"Shikamoo, mama," Anaeli akamsalimu mzazi.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mdomo wake ulitangulia akili. Mpokee."

"Sista, nisamehe. Nilikuwa na hofu."

Akalipokea. Kijana, Anaeli alikwisha kumsamehe zamani; aliyemuudhi zaidi ni Dakta.

Dakta Shedrack akatokea anacheka. "Naona yamekwisha, Anaeli."

"Kwake yamekwisha. Kwako bado, Dakta."

"Ala! Na mimi nikachume isale?"

"Sitaki jani. Jumatatu kliniki waambie watu glovu hazipo, na sijauza hata moja. Ukisema, barua yangu ya kuacha kazi naichana."

"Nitasema."

Jumatatu kina mama walijaa mpaka nje. Dakta akakohoa, akawasalimu, akazungumzia vyoo. Akazungumzia kuchemsha maji. Anaeli alisubiri pale kwenye mzani wa watoto.

"Kuna swali?" Dakta akauliza, macho akiyakwepesha. Akaingia ofisini.

Anaeli akapima watoto mpaka wa mwisho. Kisha akaenda akaweka barua mezani.

"Anaeli, nilisahau tu! Wiki ijayo..."

"Wiki ijayo utawapima wewe," akasema, akavua kofia yake ya unesi.