Kufuli Kwenye Nepi

Mwanafunzi wetu wa uzamili wa lishe humpima kila mtoto mara tatu, na mimi, muuguzi mwenye foleni hadi mlangoni, nimechoka kumwambia kwamba mara moja inatosha. Kwanza husugua viganja vyake vipate joto, asimshtue mtoto. Kisha husema, "Mama, vua kila kitu, hata soksi, nazo zina uzito." Akisoma mizani hubana pumzi, utadhani pumzi yake itaongeza gramu. Uzito ukipanda hupiga kofi moja dogo. Usipopanda, mabega humshuka, na chumba kizima huona.

Jana alikuja bibi na mjukuu ambaye kwa wiki tano hakuwa ameongezeka hata chembe. Bibi aliomba mtoto abaki na nepi, eti ana baridi, naye mwanafunzi kwa huruma akakubali. Namba zikaruka mno. Akakunja uso, akapapasa nepi, akachomoa kufuli.

"Bibi, na hili nalo linanyonya?"

"Nisamehe, mwanangu. Wiki iliyopita ulinyong'onyea mpaka nikashindwa kulala. Nikasema leo nikufurahishe."

Mwanafunzi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akasugua viganja, akampima mtoto bila nepi, na foleni yote, nami nikiwemo, tukamhesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu! Gramu mia tatu zaidi ya wiki iliyopita, mara zote tatu.

Akamrudishia bibi kufuli kwa mikono miwili. "Shika, bibi, ukafungie mlango. Huyu kaongezeka mwenyewe."