Noti za Kilio cha Dada Yangu

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa nitulie.

Mjomba alipiga shiriri, fidla yetu ya waya mmoja, kwenye mazishi ya mama kule Iguhu, nami nikamrekodi kwa simu. Mwalimu mwenzangu wa muziki aliposema anatafuta wimbo wa nyumbani kwa tamasha la shule, nikampa rekodi hiyo. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Alisema kompyuta ingeisikiliza na kuandika noti zote, tusihangaike na penseli.

Karatasi zikatoka kwenye printa kabla hatujamaliza chai. Sikuzisoma. Nilizisikia siku ya mazoezi ya kwaya. Muziki wa mjomba ulikuwa umenyooshwa kama uzio mpya, halafu ghafla sauti ya kwanza ikapanda juu, ikakaa huko, ikashuka ikikatika. Ile haikuwa shiriri. Ilikuwa dada yangu akilia, jeneza la mama likiteremshwa. Kompyuta haikujua muziki ni upi na msiba ni upi. Ilisikia sauti, ikaandika.

Kwetu, nywele zikishanyolewa baada ya mazishi, kilio kile hakirudiwi. Kukirudia ni kuita kifo kingine. Na hapo wasichana wote wa sauti ya kwanza walikuwa wakikirudia, mwalimu akiwahimiza wafungue midomo zaidi.

Nilimwita kando, nikamweleza yote. Nikamwambia afute leo hii, kabla mtoto wa dada, aliyesimama mstari wa mbele, hajakipeleka nyumbani kwa mama yake. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Lakini mwalimu, hapo ndipo patamu kuliko kote."

Nilimtukana. Sijutii. Alibonyeza mara moja, kilio kikafutika, akachapisha karatasi nyingine. Wasichana wakafundishwa upya, nami nikajidanganya kwamba yameisha.

Jumamosi dada alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia sufuria zikisuguliwa, na sauti nyembamba ikipanda, ikikaa, ikikatika palepale.

"Huyu mtoto anaimbanga kilio changu," dada akasema. Hakupaza sauti. "Nikimnyamazisha anasema ni wimbo wa shule. Nani aliwapa?"

Nikamwambia ni kompyuta.