Shuka Juu ya Waya wa Phonie

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu alikuwa hivyo, na nyanya yangu, mke wa mfanyakazi wa reli, alikuwa akinusa maji kabla ya kuyanywa hata kama ameyachota mwenyewe. Kwa hiyo sikujifunza kushuku kazini. Nilipoajiriwa nilikuwa nimeshaiva.

Kazi yangu ni kukaa mbele ya redio ya kuitana, ile ambayo huku kwetu tunaiita phonie. Imewekwa kwenye chumba cha uani kwa patron, tajiri wetu, katika mtaa wa Ruashi, Lubumbashi, kati ya mifuko ya saruji na magunia ya unga. Patron ni mfanyabiashara aliyetoka Butembo na malori, na alipochoka kupigana na barabara akanunua boti la mizigo kwenye ziwa Mweru. Boti hilo lina phonie yake. Nahodha wake ni mume wangu.

Watu huniuliza kwa nini tusipigiane simu tu kama wengine. Simu inakamata boti likiwa bandarini Kilwa, ile ya ziwani, si ya pwani, tena siku ikipenda. Likishaingia ziwani imekwisha, na upepo wa ziwa lile haumpigii mtu hodi. Sauti ya mume wangu asubuhi ndiyo inayonijulisha kwamba sijawa mjane.

Lakini phonie ni nyumba isiyo na mlango. Unachomwambia mume wako kinasikika kwa wenye maboti wengine, kwa wafanyabiashara, na kwa yeyote mwenye mashine na nafasi. Ndiyo maana hatusemi mambo wazi. Boti likijaa, tunasema lina nafasi kidogo. Likiharibika, tunasema linapumzika. Mimi nami, huku nikisema hayo, sikio langu jingine huwa linasikiliza nyuma yake. Siku moja nilisikia mwanamke akicheka karibu naye. Akaniambia ni muuza samaki. Nilikubali kwa mdomo.

Antena yetu ni waya mrefu uliotoka kwenye paa la nyumba hadi kwenye nguzo karibu na choo. Hapo ndipo ilipoanzia desturi ya shuka. Kila mtu mwenye faili kwapani akigonga geti, yeye ni wa huduma fulani ya serikali, na kila huduma inadai karatasi ambayo ya jana haikuidai. Basi likigongwa geti, mimi hutoka na shuka za patron na kuzitandaza juu ya waya, nafungua baada ya hapo. Mgeni anaona nguo. Huuliza maswali ya saruji, huomba hela ya sukari, huenda zake. Mume wangu anaijua desturi hiyo vizuri, maana yeye ndiye aliyeufunga waya ule na kuniambia: shuka zikiwa nje, mtu wetu yeyote asiingie.

Halafu wakuu wa bandari Kilwa wakasema boti ambalo phonie yake haina kibali cha serikali halitoki tena. Boti letu likafungwa kamba. Mume wangu naye kama aliyefungwa pamoja nalo, bila kazi, na saa nyingi za kuwasikiliza wauza samaki wakicheka. Niliona wivu, sitaficha. Patron akaenda mjini, kwenye ofisi ya mawasiliano, akaomba kibali cha vituo vyote viwili, cha huku na cha botini. Akaambiwa angoje: mtaalamu atakuja kuiona antena, ataisikia phonie ikijibiwa, ndipo ataweka sahihi.

Mtaalamu alikuja patron akiwa hayupo. Geti liligongwa, mikono yangu ikakimbilia shuka yenyewe. Nilipofungua nikaona mwanaume kijana mwenye viatu safi, na mtu mwenye viatu safi katika vumbi la Ruashi tayari ana jambo. Nilimpa kiti. Nilimletea Fanta baridi. Akakataa. Hakuomba ya sukari, wala ya usafiri, hakulalamikia hata jua. Hapo nikazidi kumshuku, kwa sababu anayeomba unajua anataka nini.

"Mama, antenne iko wapi?" akauliza.

"Chefu, antenne gani? Hapa hakuna."

Akaziangalia shuka kwa muda. "Hapana phonie?"

"Hapa tunauzisha simenti."

"Bon. Aksanti, mama." Akaandika kidogo, akaondoka kwa miguu.

Patron aliporudi nikamsimulia kwa fahari jinsi nilivyomfukuza mpelelezi asiyekunywa Fanta. Patron akakaa juu ya mfuko wa saruji polepole.

"Ule njo wa autorisation, wa kile kibali," akasema. "Njo tulikuwa tunamungojea."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini patron hakunigombeza. Alijipangusa uso akasema, "Hata miye ningemuambia vilevile." Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na uani kwetu unyasi ulikuwa mwingi. Ofisini alikuta imeandikwa kwamba kwetu hakuna kituo cha redio. Ikabidi aombe upya, aeleze kwamba kituo tunachokiomba tulikuwa tumekificha.

Kijana akarudi, na viatu vyake vilevile. Safari hii waya ulikuwa uchi juani. Nilimwomba radhi, halafu, kwa kuwa siwezi kukaa na swali tumboni, nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema amekuja kwa kazi gani.

"Mama, zile shuka zilikuwa kavu," akasema. "Muntu anatandika shuka kavu juu ya sababu gani? Nilijua antenne iko chini yake. Lakini nilizania munanitega."

"Kukutega na nini?"

"Na Fanta. Mwenzangu mumoja alikunywa Fanta kwa muntu, kesho yake bakamuita kwa bureau: ulikula nini kwa ule patron? Sasa miye hata maji nakunywaka kwetu."

Patron alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilimwonea huruma kijana yule, na nikampenda kidogo, maana nilikuwa sijawahi kukutana na mtu wa serikali anayeogopa kama sisi.

Tukaingia chumbani kwa jaribio. Kijana alitaka kusikia Kilwa ikijibu, na ijibu wazi: boti liko wapi, lina hali gani. Nikawasha, nikaita.

"Kilwa, Kilwa, Lubumbashi anaita. Sema wazi, mume wangu. Uko wapi, na boti iko namna gani? À vous."

À vous ndiyo kumpa mwenzako zamu ya kujibu. Miaka yote ya ndoa yetu ya hewani sikuwahi kumwambia aseme wazi. Mashine ikakwaruza, halafu sauti yake ikaja chini kabisa.

"Uko na nani?"

Nikamtazama kijana. Akaniitikia kwa kichwa: sema ukweli. Nami, kwa mara ya kwanza, nikausema ukweli kwenye phonie.

"Niko na Serikali. Serikali iko hapa pembeni yangu. À vous."

Kilwa ikazimika. Nikaita tena, nikaita tena, bure. Nilidhani kibali nacho kimezimika, lakini kijana alikuwa anaandika.

"Nimesikia," akasema. "Tena nimesikia muzuri."

Kibali kilitoka. Patron alikitia kwenye fremu ya kioo na kukitundika juu ya mashine. Ujumbe ukafika bandarini kwamba boti lifunguliwe kamba, na bandari ikampigia patron kuuliza litafunguliwa na nani, kwa kuwa nahodha hayupo. Ameondoka, hakuna anayejua amekwenda wapi. Simu yake nilipoipiga ilikuwa imezimwa.

Mimi nilijua amekwenda wapi. Nilimwona kabisa akilini, yeye na muuza samaki wake, wamevuka ziwa wamekwenda kuanza maisha upande wa Zambia, na sababu anayo nzuri: Serikali. Niliumia. Nililia juu ya mashine yenye kibali halali, kisha nikakasirika, na mimi nikikasirika nafua. Nilifua kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba ile. Shuka nilizitandaza juu ya waya, maana sasa waya una ruhusa, na phonie nimeizima, sina wa kumwita.

Nilipokuwa natandaza ndipo nilipomwona mtu ng'ambo ya barabara, kwa mama muuza makaa. Amejifunika kitambaa usoni, mwekundu wa vumbi kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, gunia kati ya magoti, macho kwenye geti letu. Nilimaliza kuosha vyombo, bado yupo. Nikamaliza kufagia, bado yupo. Wapelelezi nawajua. Nilishika ufagio nikavuka barabara.

"Weye unachunga nini kwa geti ya bantu?"

Akashusha kitambaa. Alikuwa mume wangu.

"Nyamaza," akasema. "Banatoka?"

"Ba nani?"

"Ba Serikali. Shuka ziko inje. Nilizania bangali ndani na weye, ao bamekupeleka."

Nilisimama na ufagio wangu. Alikuwa ameipanda ile barabara ya Kilwa juu ya lori la samaki, likikwama na kusukumwa, kwa sababu nilimwambia Serikali iko pembeni yangu. Simu aliizima akiamini yangu iko mikononi mwao. Alikuwa amefika tangu asubuhi na hakuthubutu kugonga geti kwa sababu ya kufua kwangu.

"Gunia iko na nini?" nikauliza. Sauti yangu haikuwa nzuri.

Akalifungua. Mlikuwa na kipande cha sabuni, samaki wakavu waliofungwa kwenye gazeti, na blanketi zito la rangi ya majani.

"Samaki ya kupatia bale banachunga cachot, kule banafungiaka bantu, bakufungulie mulango kidogo tuonane," akasema. "Blanketi ni ya kwako. Kule ndani kuko baridi, na weye miguu yako inauma kwa baridi."

Nililishika blanketi, nikaliinua puani, kwa sababu mimi ni mjukuu wa nyanya yangu. Halikuwa letu.

"Hii ni ya nani?"

Akatazama chini, kwenye vumbi la miguu yake. "Ya ule mama wa samaki. Ule anachekaka. Nilimuambia banamukamata bibi yangu, akaiondosha kwa kitanda yake, akaniambia peleka."

Nililinusa tena. Lilinuka samaki na moshi, na kitu kingine ambacho hadi leo sijakijua. Nikalikunja, nikaliweka begani, nikavuka barabara kwenda kuanua shuka ili aweze kuingia, ingawa safari hii zilikuwa mbichi kabisa.