Wakili wa Upande wa Pili

Akpene anawaogopa ndugu zake, na hilo nalisema hata mbele yake. Meza zetu zinagusana hapa soko la Madina, yeye samaki wa moshi, mimi nyanya, na siri zake nazibeba mimi. Alipopata kiwanja kule Amasaman, aliyejua ni mimi tu. Hata dada yake Yayra, anayekula naye ugali wa banku sahani moja kila Jumapili, hakuambiwa. Kwetu nyumba haitangazwi mpaka ipauliwe. Ndugu akijua mapema, jicho lake linaingia msingini. Na mimi naamini hivyo, kwa hiyo sikumkataza.

Basi siku ya kumpelekea mzee wa ukoo wenye ardhi chupa za pombe ya jini, Akpene akaenda peke yake, bila mtu wa kwao. Mzee akamimina tambiko, akataja mababu, akampa karatasi za kiwanja. Shoga yangu akarudi sokoni anacheka peke yake.

Msingi ulipofika magotini, fundi akapiga simu. Vijana wenye marungu walikuwa wameingia, wamebomoa matofali, na yeye mwenyewe wamemvunja mkono. Wameandika kwa rangi nyekundu kwamba kiwanja kina mwenyewe. Tukampigia yule mzee, hapatikani. Tukaenda kwa ukoo, wakasema hawamjui.

Hapo ndipo tulipoanza kuhangaika na mawakili. Wa kwanza alikuwa kishoka tu, ofisi yake mwavuli nje ya mahakama. Wa pili akasema kesi za ardhi hazigusi, ana watoto wadogo. Akpene akaacha kula. Mteja akiuliza bei, yeye machozi. Jasho lake lote lilikuwa limefukiwa pale Amasaman, na mimi nikawa namgombeza bure, maana niliogopa ataanguka.

Wa tatu, Wakili Amartey, tulielekezwa na wanawake wa vitunguu. Akamuuliza Akpene ni nani wa kwao alikuwepo tambiko likimiminwa. Akpene akasema hakuna. Wakili akafunua ramani ya kiwanja, akaitazama kitambo, kisha akaisukuma irudi kwetu.

"Mama, siwezi kukusimamia. Anayedai kiwanja hiki ni mteja wangu tayari. Tafuta wakili mwingine, na umtafute upesi."

Nikamuuliza ni nani huyo, akasema haruhusiwi kutaja. Nikambishia mpaka Akpene akanivuta mkono.

Tukatoka. Kwenye benchi la wanaosubiri alikuwa amekaa Yayra, bahasha mapajani.

Kwa ujinga wangu nilidhani amesikia habari, amekuja kusaidia. Akpene naye alidhani hivyo, akamwangukia begani akilia, akamweleza yote: jini, mzee, matofali. Yayra akauliza ni Amasaman ipi, ile ya karibu na mabanda ya kuku? Akpene akasema ndiyo. Yayra akafungua bahasha. Ramani ile ile, mzee yule yule. Naye alikwenda peke yake.

"Nilitaka nikuite siku ya kupaua," alisema.

Mungu anisamehe, nilicheka. Watoto wa tumbo moja wanafichana, mwizi mmoja anawala wote wawili. Akpene naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu fundi apige simu. Akasema basi, wamshitaki mzee pamoja, na kiwanja watajua wenyewe nyumbani.

Yayra hakucheka.

"Wale vijana niliwalipa mimi," alisema. "Niliwaambia wakimkuta mwenye nyumba wasimwonee huruma."

Asubuhi ile ya marungu Akpene alikuwa ampelekee fundi chakula. Hakwenda kwa sababu lori la samaki lilichelewa, na mimi ndiye niliyemwambia asiondoke kabla halijafika. Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Karani akachungulia, akauliza nani anafuata. Akpene akaichukua bahasha ya dada yake, akachanganya karatasi zake na zile.

"Tunaingia sote," alisema. Akatoa simu, akatafuta namba, akamshikisha Yayra. "Lakini zungumza kwanza na fundi. Waliouvunja ni mkono wake wa kulia."