Sikio la Koki

Kaka yangu hakuwahi kuvunja ukuta kabla ya kuusikiliza. Huo ndio uliokuwa ufundi wake, na ndio maana watu walimngoja yeye hata pale mafundi bomba wengine walipokaa bila kazi. Akifika kwenye nyumba yenye unyevu, redio inazimwa, watoto wanatolewa nje, naye anaegemeza sikio ukutani na kufumba macho. Baada ya muda anachora alama ya penseli. "Hapa," anasema. Ukipasua hapo, unalikuta bomba linalovuja. Walimbandika jina la Koki, likamganda mpaka mkewe akawa anamwita hivyo hivyo mezani.

Mimi ni mdogo wake, nauza dawa. Baba alipofariki nilikuwa bado shule ya msingi, na Koki ndiye aliyenilea na kunisomesha mpaka nikapata cheti cha famasia, kwa mikono ile ile iliyonuka gundi ya mabomba. Kwa kuzaliwa ni kaka, kwa heshima ni baba. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo utaniona mjinga. Labda hata ukilijua utaniona hivyo.

Wanaume huingia dukani kwangu ubavu ubavu. Mwenye homa ananiambia moja kwa moja kwamba ana homa. Mwenye shida chini ya mkanda anasimama kwenye dawa za meno, anasoma maboksi yote, anangoja akina mama watoke, halafu ananiambia ana rafiki. Nimewatibu marafiki wengi sana ambao sijawahi kuwaona. Mmoja nguvu zimepungua, mwingine mkojo unamchoma, wa tatu akienda haja anasimama mpaka miguu inakufa ganzi. Nawaambia ninachokijua: usibane mkojo, punguza chai na kahawa jioni, vidonge vya nguvu vinavyouzwa mkononi mitaani, visivyo na hata jina la kiwanda, viache, na ukivuka hamsini ukapimwe tezi dume, maana imeizunguka njia ya mkojo na ikikua inaibana. Wanatikisa kichwa. "Nitamwambia," wanasema, na wanaondoka.

Habari za Koki niliziletewa na shemeji, mkewe. Alikuja asubuhi moja, akanunua plasta ambayo hakuihitaji, akabaki amesimama.

"Shemeji, kaka yako akiingia chooni mimi nabandika chai. Inachemka, naepua, namaliza kikombe, yeye hajatoka. Anafungua bomba la sinki ili nisisikie. Lakini nasikia."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Nikimwambia twende hospitali ananiuliza kama nimemchoka. Ongea naye wewe, dawa unazo wewe."

Niliahidi. Kuahidi hakunipi tabu.

Alipoondoka ndipo nilipoona jinsi kazi ya Koki ilivyokuwa imemficha. Mtu mwingine akiomba choo mara sita kwa siku watu watamtazama. Fundi bomba akijifungia chooni na kufungulia maji, mwenye nyumba anafurahi, anajua kazi inafanyika.

Nilimkuta kwake Jumapili, anapanga spana zake kwenye mfuko. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilipomwona na miwani yake imeteremkia puani, kama alivyokuwa akinikagulia madaftari, nikawa tena mtoto wa shule. Nikafanya kile ninachowacheka wateja wangu.

"Kaka, kuna mteja wangu mmoja, mtu mzima. Mkojo hautoki vizuri."

Hakuinua kichwa. "Njia imeziba. Anywe maji mengi. Uchafu kwenye bomba unausukuma kwa presha."

"Sio uchafu. Ni tezi imekua, inalibana bomba kwa nje."

Hapo akainua kichwa. Aliniangalia, nikatazama sakafu.

"Kwa hiyo dawa yake ni kukatwa," akasema. "Na mwanamume akishakatwa pale, kinachobaki ni nini? Mwambie mteja wako anywe maji."

Nilipaswa kumwambia kwamba wengi hawakatwi, wanapewa kidonge cha kumeza kila siku basi, na kwamba hata wanaofanyiwa upasuaji wengi wanabaki waume wa wake zao. Haya nawaambia watu nisiowajua kutwa nzima. Mbele yake nilishindwa. Nilirudi nyumbani nikaandika kila kitu kwenye karatasi, herufi kubwa, na mstari wa mwisho nikaupigia mstari chini: dawa za mafua za kuzibua pua usinywe bila kumuuliza daktari, zinaweza kufunga mkojo kabisa. Shemeji akaitia kwenye mfuko wa spana.

Koki akaacha kuja dukani kwangu. Alikuwa akipita kila jioni kunisalimia na kunikosoa jinsi ninavyopanga rafu. Sasa alipita upande wa pili wa barabara, anatazama mbele.

Miezi minne baadaye akashikwa na mafua. Angekuja kwangu ningempa kitu kingine. Alikwenda duka la dawa lililo kwenye kona, akanunua vidonge vya kuzibua pua, akavimeza siku tatu huku akinywa maji kwa jagi kama alivyojishauri mwenyewe. Nilimuuliza baadaye yule muuzaji, kwa hasira, kwa nini hakumuuliza mgonjwa maswali. Akasema alimuuliza kama ana shida ya mkojo, kaka yangu akajibu hana. Nikakosa cha kumlaumu.

Siku ya nne simu yangu ililia karibu na adhuhuri. Alikuwa mama mwenye nyumba mmoja, mteja wa Koki.

"Fundi yuko bafuni kwangu tangu saa tatu. Maji yamefunguliwa yote, tangi linakaribia kwisha. Nikigonga anasema bado kidogo. Mkewe hapokei, nikapata namba yako kwenye risiti ya dawa niliyonunua kwako."

Nilifunga duka nikakimbia. Bafuni kulisikika kama mvua. Nikagonga.

"Kaka, ni mimi."

"Nenda kazini kwako."

"Kaka, fungua."

"Niache kidogo. Yanakuja."

Yalikuwa hayaji. Miaka yote yeye ndiye aliyesikiliza kuta, na sasa mimi nilikuwa nimebandika sikio mlangoni, nasikia chini ya sauti ya bomba mtu anayelia kwa meno yaliyofungwa. Nikasema kwa sauti, mama mwenye nyumba akisikia, "Kaka, ni tezi dume. Mkojo umefunga. Usipofungua sasa utakufa humo ndani."

Lilikuwa neno langu la kwanza la kweli kwake tangu shemeji aje dukani. Alizima maji. Alipofungua alikuwa amejikunja, jasho linamchuruzika, na tumbo chini ya kitovu lilikuwa gumu kama mpira. Hakunitazama usoni.

Hospitali walimwekea mpira wa mkojo, na mfuko ukajaa, wakaumwaga, ukajaa tena. Akalala usingizi palepale, mdomo wazi, kama mtoto. Nilifurahi mno. Nilidhani yamekwisha.

Kesho yake daktari, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, alikuja na majibu ya damu.

"Mzee, mkojo ulipokosa njia ulikuwa unarudi juu. Muda mrefu. Umeziharibu figo."

Koki alielewa kabla yangu. "Hakuna valvu pale ya kuzuia maji yasirudi?"

"Ipo. Ilishindwa."

"Na figo zitarudi?"

"Zitapata nafuu kidogo. Zilivyokuwa, hapana. Ungekuja mwaka juzi tungekupa vidonge tu."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akanigeukia mimi, sio daktari. "Yule mteja wako. Ulikuwa unajua ni mimi?"

"Nilijua."

"Na mimi nilijua unajua," akasema, akageukia ukuta. Shemeji, aliyekuwa kando ya kitanda, alitoka nje. Niliumia mpaka nikatamani anitukane.

Karatasi yangu niliikuta kwenye mfuko wa spana nilipokwenda kumchukulia nguo. Ilikuwa imefungia washa za bomba, bado imekunjwa vile vile nilivyoikunja, haina hata alama ya mafuta ndani. Hakuwahi kuifungua kusoma. Aliona ni karatasi tu, na karatasi kwa fundi ina kazi yake.

Siku hizi anakaa dukani kwangu, kwenye stuli nyuma ya kaunta, mfuko wa mkojo umefungwa kwenye paja ndani ya suruali pana. Upasuaji unangoja figo zitulie, na figo hazina haraka ya kumfurahisha mtu. Ananikosoa rafu kama zamani. Miguu imevimba, vyakula vingi wamemkataza, na spana amempa jirani.

Wiki iliyopita aliingia mwanamume wa miaka sitini hivi, anapiga chafya. Akaomba choo kwanza. Nikamwonyesha, nyuma ya stoo. Tukasikia bomba la sinki likifunguliwa. Nikaendelea kupanga dawa.

Koki aliinua kidole kuninyamazisha. Akajivuta na stuli yake hadi ukutani, akaegemeza sikio, akafumba macho. Maji yalitiririka muda mrefu.

"Hakojoi huyu," akasema.

Mtu yule akatoka anafuta mikono, akaomba dawa ya mafua, ile ya kuzibua pua.

"Una shida yoyote ya mkojo?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Una uhakika, mzee? Maana dawa hii..."

"Nimesema sina. Nina mafua."

Nilimwambia hiyo simpi, nitampa nyingine, na kabla ya yote akamwone daktari. Akaniuliza kama nauza dawa au nauza maswali, akatoka.

Kaka yangu alikuwa ameanza kuinuka. Alishika kaunta kwa mkono mmoja na mfuko kwa mkono mwingine, akaburuta miguu hadi mlangoni, akamwita, "Bwana, ngoja kwanza." Sauti yake haikufika hata barabarani. Tukasimama wawili tunamwangalia anavuka kuelekea kona, kwenye duka lile lile.